Bomba la mafuta limeliwa na kutu chini ya pikapu: ninunue vifaa gani nilitengeneze nyumbani?

"Shikamoo fundi. Nina pikapu ya zamani ya dizeli, injini ya pampu ya kawaida, siyo ya kompyuta. Naitumia kubeba mbolea na mbao huku Mafinga. Siku hizi asubuhi inagoma kuwaka. Nikipampu kwa mkono pale juu ya filta inawaka, na ikishapata moto haina shida. Nimeingia chini nikakuta bomba la chuma la mafuta limeliwa na kutu karibu na ekseli ya nyuma, ila halidondoshi hata tone. Fundi mmoja amesema ning'oe bomba lote niweke mpira kutoka tangi hadi filta. Mwingine amesema niweke bomba la shaba la friji. Nyumbani nina jiliwa na tupa, na shemeji yangu ambaye ni fundi friji ameniazima seti yake ya kutanulia midomo ya bomba. Nimejaribu kwenye kipande cha bomba la chuma, mdomo unapasuka kila mara. Kifaa ni kibovu au mimi ndiye sijui? Na ni vifaa gani ninunue ili kazi hii niimalize mwenyewe, maana gari likilala gereji sina kipato?"

Marahaba, ndugu yangu. Nikuelewe hivi: gari linagoma asubuhi, umeona kutu, mafundi wawili wamekupa majibu mawili tofauti, na kifaa ulichoazimwa kinakuharibia bomba. Niseme mapema kwamba seti ya shemeji yako haina ubovu, na mikono yako pia haina tatizo. Seti ile ilitengenezwa kwa shaba laini, wewe umeipa chuma. Tena kwenye gari lako, sehemu kubwa ya kazi haihitaji kabisa mdomo wa namna ile uliokuwa unajaribu kuutengeneza. Nitafika huko.

Kwanza hilo la kutodondosha. Watu wengi huona bomba kavu wakalisamehe. Kwenye injini za dizeli za aina yako, pampu ya kuvuta mafuta huwa iko mbele kwenye injini. Ndani ya tangi hamna pampu. Pampu inapozunguka, msukumo ndani ya bomba unakuwa mdogo kuliko wa hewa ya nje, na hewa hiyo ya nje, inayokandamiza dizeli tangini, ndiyo inayoipandisha kwenye bomba. Sasa bomba likiwa na tundu dogo, dizeli haitoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Mchana injini inapofanya kazi, mapovu madogo yanapita na mengine yanarudi tangini kwa bomba la kurudishia, wala huyahisi. Usiku gari limesimama, hewa inaingia taratibu na dizeli inateremka kurudi tangini. Asubuhi pampu inazungusha hewa. Ndiyo maana ukipampu kwa mkono linawaka: umelijaza bomba upya.

Kwetu huku juu jambo hili linaonekana mapema zaidi kuliko pwani. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako msukumo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam. Kinachosukuma dizeli ni kidogo, kwa hiyo mfumo wenye kasoro ndogo hauna akiba ya kujiokoa.

Hata hivyo usikate bomba kabla ya kupima. Asubuhi za Juni na Julai, Mafinga na Makambako, plagi za kupashia joto zikichoka nazo hufanya injini igome. Dalili yako ya pampu ya mkono inaelekeza kwenye hewa, lakini hakikisha. Jioni chomoa mpira unaoingia kwenye filta, uzibe, kisha unganisha mpira safi unaotoka kwenye dumu la dizeli lililosafishwa vizuri. Dumu lisimame chini, usawa wa tangi. Ukiliinua juu, dizeli itashuka yenyewe na kukuficha uvujaji mwingine ulioko mbele. Toa hewa kwa pampu ya mkono, washa, zima, acha lilale. Asubuhi likiwaka vizuri, kosa liko kati ya tangi na filta. Likigoma vilevile, acha bomba kwanza, kagua filta yenyewe, mpira wa pampu ya mkono na plagi. Na kabla ya yote angalia tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Likiziba kwa matope, dizeli haisukumwi, na dalili zinafanana sana na hizi.

Kwa nini kutu imeshika pale karibu na ekseli? Gurudumu la nyuma linarusha matope, matope yanakaa kwenye klipu inayoshikilia bomba, na pale yanabaki na unyevu hata wiki nzima baada ya mvua. Wewe unabeba mbolea pia. Chumvi za mbolea kama CAN zinavuta maji na kula chuma haraka. Kwa hiyo fungua kila klipu uangalie chini yake. Bomba linaweza kung'aa mahali pengine pote na kuwa limeoza chini ya klipu tu.

Sasa ushauri uliopewa. Mpira kutoka tangi hadi filta utakufikisha mjini, na kwa safari hiyo moja simlaumu aliyekuambia. Lakini mpira mrefu chini ya gari unasuguliwa na chasisi, unapigwa mawe, unapata joto la bomba la moshi, na ukilainika unajibana wenyewe kwa ule mvuto. Mipira imewekwa na kiwanda kwa vipande vifupi pale ambapo injini inatikisika na chasisi imetulia. Kwingine ni chuma.

Shaba ya friji ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ni nzuri kukunja, inapatikana kila mahali, na siku ya kwanza inafanya kazi vizuri kabisa. Ila shaba ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu, halafu inapasuka, mara nyingi pale pale ilipobanwa. Pia shaba inaharakisha kuharibika kwa dizeli, ikitengeneza utando wa gundi unaoziba filta na kuchafua pampu. Na mvuke wa amonia unaoweza kutoka kwenye baadhi ya mbolea una tabia ya kupasua shaba nyeupe na shaba nyekundu zilizo kwenye mkazo. Kwa gari lako na mzigo wako, nunua bomba la chuma la gari, lile laini lililopakwa rangi ya kinga nje. Bomba la kupeleka mafuta kwenye pikapu nyingi za Kijapani ni la milimita 8 na la kurudishia ni milimita 6, lakini pima la kwako kwa kipimo cha kalipa kabla ya kwenda dukani, na ondoa kutu na rangi kwanza ndipo upime.

Tuje kwenye vifaa. Cha kukatia kiwe kile chenye kigurudumu kidogo cha makali, kama anachotumia shemeji yako. Kizungushe bomba, kaza kidogo sana, zungusha tena. Ukikaza kwa haraka, unaliminya bomba kuwa yai na mdomo wake hautakaa sawa tena. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unafaa kama hakuna namna nyingine, mradi umalizie kwa tupa mpaka ncha iwe mraba. Grinda usiitumie: inachoma, inarusha cheche, na inaacha vumbi la jiwe ndani ya bomba linaloelekea kwenye pampu yenye nafasi ndogo kuliko unywele.

Baada ya kukata, ndani ya ncha kunabaki ukingo mkali uliojikunja. Ukwangue kwa kisu cha pembe tatu kinachokuja na seti, ncha ikiwa imeelekea chini ili unga wa chuma udondoke nje. Ukingo huu ni moja ya sababu za mdomo kupasuka: ufa unaanzia kwenye mkwaruzo.

Kukunja ndiko watu wanakokuogopa, na kusema kweli ni rahisi kuliko mdomo. Chukua waya mzito, uukunje ukifuata bomba la zamani likiwa bado garini, kona kwa kona. Huo ndio mfano wako. Kisha pata benda ya mkono yenye kigurudumu cha mfereji wa kipimo chako hasa. Mfereji wa milimita 10 utaliacha bomba la milimita 8 libonyee. Kona isiwe kali kuliko mara tatu ya unene wa bomba, yaani kwa milimita 8 duara lake liwe na nusu kipenyo kisichopungua milimita 24. Chuma hurudi nyuma kidogo ukikiachia, hivyo pitiliza nyuzi chache za pembe. Anza upande mmoja uende hadi mwisho, ukilinganisha na waya kila baada ya kona, maana ukikunja ncha zote mbili kwanza, kosa lote litakutana katikati na hutaweza kulirekebisha. Acha sehemu iliyonyooka ya sentimita 5 hivi kwenye kila ncha, kifaa cha mdomo kinahitaji pa kushika. Springi ya kukunjia inafaa shaba. Kwenye chuma, kona ikiwa kali hung'ang'ania na haitoki. Na ile mbinu ya kujaza mchanga wakati wa kukunja, ambayo kwenye mabomba ya moshi ni nzuri sana, kwenye bomba la dizeli siiafiki. Chembe moja ikibaki imekwama kwenye kona, itaachia siku usiyoitarajia.

Benda usinunue. Utaitumia siku moja. Iazime kwa shemeji huyo huyo kama anayo ya kipimo chako. Fedha yako iweke kwenye bomba zuri na kifaa cha mdomo.

Sasa mdomo, ambao ndio kiini cha swali lako. Bomba la mafuta linaweza kuishia kwa namna mbili kuu. Ya kwanza ni kuingia ndani ya mpira na kubanwa kwa klipu. Ya pili ni kuishia kwa nati inayofungwa kwenye kiungo cha chuma, ambapo mdomo umetanuliwa kama tarumbeta na chuma kinaziba kwa kukandamizana na chuma kingine. Angalia bomba lako la zamani. Kwenye pikapu nyingi za aina hiyo utakuta ncha zake zinaingia kwenye mipira mifupi, tangini na kwenye filta. Kama ndivyo, tarumbeta huihitaji. Unachohitaji ni kifundo: uvimbe mdogo unaozunguka bomba karibu na ncha, ili mpira ukishapita na klipu kubana nyuma yake, usichomoke. Ncha tupu isiyo na kifundo inaweza kukaa miezi, kisha mpira unaanza kuvuta hewa bila wewe kuona.

Kifundo kinatengenezwa vizuri na seti ya mdomo wa safu mbili, ile inayouzwa kwa kazi ya mabomba ya breki. Ndani yake kuna vidude vidogo vya duara, kila kimoja na kipimo chake. Unabana bomba kwenye ubao wa chuma, unaacha nje urefu sawa na ukingo wa kidude, unakiweka, unakandamiza. Bomba linavimba. Hiyo ni hatua ya kwanza tu ya mdomo wa breki, na kwa kazi yako inatosha, ishia hapo. Seti ya friji haina vidude hivyo. Unaweza kuitumia kutanua ncha kidogo sana, nusu milimita hivi, kisha ulainishe ukingo kwa tupa na msasa usikate mpira kwa ndani. Kwa bomba la kuvuta la gari kama lako inakubalika, ingawa kifundo cha kweli nakipenda zaidi.

Kama upande mmoja una nati, hapo ndipo kupasuka kwako kunapopata maelezo. Seti ya friji inatengeneza mdomo wa safu moja, wa nyuzi 45. Chuma cha bomba la gari ni chembamba na kigumu; kikitanuliwa safu moja kinachanika ukingoni. Kinatakiwa kikunjwe ndani kwanza kwa kile kidude, halafu koni ikandamize, ili mdomo uwe wa safu mbili. Paka mafuta kidogo kwenye koni, usiache urefu mwingi nje, na ingiza nati kabla ya kutengeneza mdomo. Angalia pia pembe ya mdomo wa zamani. Iko mifumo ya nyuzi 37, na ukiulazimisha mdomo wa nyuzi 45 ndani yake hautaziba hata ukaze vipi. Jambo jingine: seti nyingi za friji ni za inchi. Tundu la 5/16 ni milimita 7.94, linashika bomba la milimita 8 vizuri. Tundu la 1/4 ni milimita 6.35, na bomba la milimita 6 litateleza humo. Ukiona linateleza, usikaze zaidi. Tafuta ubao wa milimita.

Mdomo ukivuja, usiuzungushie tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Uzi wa nati haupaswi kuziba kitu, mdomo ndio unaoziba, na nyuzi za tepu zitaishia kwenye mfumo wa mafuta. Silikoni nayo inalainishwa na mafuta. Kata, utengeneze upya.

Kwa pikapu yako ningefanya hivi. Kama klipu nyingine zote zina chuma kizima, ningekata sehemu iliyooza hadi kufikia chuma kisafi pande zote mbili, nikatengeneza kifundo kwenye ncha nne, na kuweka kipande kipya cha chuma kwa mipira miwili mifupi ya mafuta. Mpira uingie angalau sentimita 2.5 juu ya bomba. Viungo viwe mahali unapoviona, mbali na bomba la moshi. Kama kutu iko kwenye klipu zaidi ya mbili, badilisha bomba zima, kwa sababu utarudi chini ya gari kabla ya mavuno. Shikilia bomba kwa klipu kila sentimita 30 hadi 40, na kipande cha mpira kati ya klipu na bomba.

Kabla ya kulifunga, vuta kitambaa kisicho na nyuzi kwa waya kupitia ndani, puliza kwa kompresa, kisha suuza kwa dizeli safi. Ziba ncha moja, ingiza hewa ya bar 1 tu upande wa pili, pitisha maji ya sabuni kwenye viungo. Likishafungwa garini, weka kwa siku mbili tatu kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, kabla ya filta. Washa asubuhi ukiangalia. Mapovu machache mara baada ya kutoa hewa ni kawaida; yakiendelea kupita, kuna mahali bado panavuta. Kisha utoe mpira huo, maana mingi ya aina hiyo hukauka na kupasuka.

Sasa mipaka, na hapa naomba unisikilize. Yote niliyoeleza ni ya bomba la kuvuta la dizeli, kati ya tangi na filta au pampu. Mabomba mazito yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli usiyatengeneze nyumbani. Yanabeba msukumo wa bar mia na zaidi hata kwenye injini za zamani, na kwenye injini mpya za dizeli za kompyuta hufika zaidi ya bar 1,000. Dizeli ikirushwa kwa nguvu hizo inapenya ngozi. Jeraha linaonekana dogo kama la sindano, lakini mtu aende hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri kuvimba.

Magari ya petroli nayo yana hesabu yake. Yenye kabureta yana msukumo mdogo, lakini ya sindano za umeme yana bar 2.5 hadi 4 muda wote, na mpira wa kawaida na klipu ya kawaida havifai hapo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia kwenye shimo la gereji, na unashika moto hata kwenye baridi yetu ya Julai. Usifanye kazi hiyo chumbani, wala karibu na jiko la mkaa au taa ya balbu. Na bomba au tangi, la petroli au la dizeli, lisichomelewe likiwa na mafuta au likiwa limetoka kumwagwa. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa.

Ukijaribu mdomo wa nati mara mbili na bado unavuja, au ukikuta ncha zako ni za kubofya za plastiki, au kutu imefika kwenye bomba la breki linalopita sambamba na hilo la mafuta, peleka gari kwa fundi. Hilo la breki usilicheleweshe, hasa kama unateremka Kitonga na mzigo. Vyuo vya VETA Iringa na Mbeya pia ni mahali pa kuuliza. Mwalimu wa ufundi magari akiona kipande chako kilichopasuka ataona kosa lako haraka kuliko mimi ninayekuandikia. Nenda nacho, pamoja na bomba la zamani na nati zake.